Uzi: Kufundisha mtoto akiolojia kwenye ua wa nyumbani, shimo la nusu mita linatosha

#1 Fundi Chekeche (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu wote humu shikamooni.

Mimi nilisoma akiolojia chuoni, nikapiga fildi msimu mmoja nimeshika mwiko na brashi juani, baadae maisha yakanipeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro na ndo linalotulisha mpaka leo. Ila ile kazi haijawahi kunitoka moyoni. Likizo ya mwezi wa sita nikawa na wanangu nyumbani, binti ana miaka 8 na dogo ana 5, wanashinda kwenye simu kutwa nzima, nikasema ngoja. Kuna kona ya ua wetu lilipokuwa banda la kuku zamani, udongo wake laini, nikawaambia Jumamosi tunachimba.

Dogo swali lake la kwanza: "tunatafuta mjusi?" Kashasikia habari za yule mjusi mkubwa (dainosari) wa Tendaguru kule Lindi, ambaye Wajerumani walimchimbua kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakabeba mifupa vichwani mpaka bandarini na leo kasimama Berlin. Nikamwambia hapana baba, yule kaishi miaka kama milioni 150 iliyopita, hakukuwa na mtu hata mmoja duniani, mijusi ina wataalam wake. Sisi tunatafuta watu. Vitu ambavyo watu walivishika, wakavipikia, vikawavunjikia wakavitupa. Akafikiri kidogo akasema "kwa hiyo tunatafuta takataka." Ndiyo, kwa sehemu kubwa ni takataka, na nilifurahi sana kakifikia mwenyewe kitu ambacho wengine tulifundishwa chuoni.

Sasa niwape kosa langu la Jumamosi ya kwanza ili nyie msilirudie. Ijumaa usiku wakiwa wamelala nilifukia vitu: chungu kilichovunjika vipande saba, mafiga matatu, mkaa, gunzi la mahindi lililoungua, simbi chache, shanga za bluu na kijiko. Nilivipanga kama jiko kabisa, mafiga yamezunguka mkaa, vigae pembeni, shanga mbali kidogo kama vile zilimkatikia mtu akiwa amekaa anakoroga. Asubuhi nikawapa vijiko wakachimba. Dakika kumi kila kitu kiko juu, lundo, wanashangilia. Nikawauliza haya, mkaa ulikuwa karibu na nini? Shanga zilikuwa juu ya jiwe au chini yake? Binti akaangalia shimo, akaangalia lundo, macho yakamjaa machozi mana alielewa palepale kwamba swali langu halina jibu tena. Dogo akasema "turudishe". Turudishe wapi sasa, nani anakumbuka?

Hapo ndo penyewe wakuu. Watu wengi wakifundisha watoto mambo ya kale wanawafundisha kutafuta kitu, yaani mtoto akipata shanga anapigiwa makofi, mwisho wa somo. Mimi naona ni kumfundisha wizi wa makaburi kwa upole. Cha kumfundisha ni mkono usimame. Ukiona kitu usikivute, kaa nacho kwanza, angalia kimelala na nani.

Jioni ile niliwapa stori mbili. Moja ya sarafu za Kilwa. Mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu chache mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, akazihifadhi kwenye kopo miaka na miaka, zilipokuja kuangaliwa na wajuzi, tano kati yake zikaonekana ni za shaba za masultani wa Kilwa. Kilwa hiihii yetu! Na mpaka leo wataalam wanabishana zilifikaje kule, na nani, lini, kwasababu sarafu zipo mkononi lakini hakuna tabaka la udongo, hakuna kigae wala mkaa uliolala nazo wa kuzisemea.

Ya pili ni ya Oldupai (Olduvai) kule Ngorongoro, 17 Julai 1959. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey anatembea na mbwa wake, mume wake Louis kabaki kambini anaumwa, mama anaona mfupa umechomoza kwenye mteremko, anapangusa kidogo anaona meno. Ni fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lina miaka kama milioni 1.75. Na hakuling'oa! Walisubiri mpiga picha za filamu afike ili kila hatua ionekane, ndo wakaanza kufukua taratibu na kuchekecha udongo wa ule mteremko, mana fuvu lilikuwa vipande mamia. Binti akaniuliza "hakutamani kulivuta?" Nikamwambia nadhani alitamani kuliko wewe leo.

Jumamosi ya pili nikafukia upya, kona nyingine, na tukafanya hivi. Mraba wa nusu mita kwa nusu mita, vigingi vinne vya mti na uzi wa fundi umezungushwa. Tunashuka sentimita tano tano tu, rula ya shule inatosha kupimia, hatuendi chini mpaka mraba wote uwe sawa. Udongo unakwanguliwa kwa mwiko mdogo wa fundi umelazwa, hauchomwi kwenda chini, unaingia kwenye ndoo alafu unapita kwenye chekeche (dukani kwangu nina nyavu za kuchekechea mchanga wa plasta, nikakata kipande nikapigilia kwenye fremu ya mbao). Na daftari la hesabu lile la vyumba ndo ramani yetu, chumba kimoja sentimita kumi, kitu kikionekana binti anakichora kwenye chumba chake kabla ya mtu yeyote kukigusa. Dogo hajui kuandika vizuri, kazi yake ni brashi ya rangi na kupiga kelele "simama!"

Ilichukua asubuhi nzima. Na walipofika kwenye mafiga sikuwaambia chochote, binti akatazama daftari lake, mkaa katikati, mawe matatu, vigae upande mmoja, akasema "hapa mtu alikuwa anapika, na alikuwa amekaa huku, mana huku ndo kuna shanga." Wakuu sikujua niseme nini. Nikaenda ndani kunywa maji.

Ntaendelea, kuna shimo la tatu ambalo sikufukia chochote mimi, hilo ndo kubwa zaidi. Maswali karibuni.

#2 Mjukuu wa Uluguru

Uzi mzuri mkuu. Sema kwa mtaa wetu huu ukionekana unachimba uani na kamba umezungusha, kesho utasikia unatafuta mali za Mjerumani, au la umefukia kitu cha kienyeji. Hilo ulilimalizaje?

#3 Fundi Chekeche

Umeniwahi, mana ilitokea kweli. Mzee wa nyumba ya pili alikuja Jumamosi ya pili akasimama kwenye michongoma, "kijana, hapo vipi, rupia?" Nikamkaribisha kiti akakaa, akaona mtoto wa miaka mitano anapiga brashi kigae cha chungu nusu saa, akacheka, mwisho yeye ndo akawa anawaelekeza watoto jinsi mafiga yanavyopangwa kwao milimani, kwamba nilikosea moja lilikaa vibaya. Alikuwa sahihi kabisa.

Ila hili la mali za Mjerumani tuliongelee kwa uzito. Rupia, zile hela za enzi za Mjerumani, zipo kweli, hata zile za dhahabu zenye tembo zilizopigwa Tabora 1916 wakati wa vita, na ndo zinawafanya watu wachimbe hadi makaburi na kuta za magofu. Kila ukuta unaovunjwa kutafuta hela ambayo haipo unaondoka na habari ambayo ilikuwepo. Mtoto aliyewahi kulia kwasababu hakumbuki mkaa ulikuwa wapi, akikua huyo hatoboi kaburi kwenye magofu ya Kaole.

Na sheria iko wazi, tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 vinalindwa, kuchimba kwa lengo la kuvitafuta kunahitaji leseni, ukikutana navyo kwa bahati unatoa taarifa. Kwahiyo shimo la watoto ni la vitu ulivyofukia mwenyewe, au udongo wa ua wako ambao unajua historia yake ni ya juzi. Ukiwa unaishi jirani na magofu, Kunduchi, Kaole, Tongoni, Kilwa, usichimbe kabisa, fukia vitu kwenye sanduku la mchanga. Na ukiona kigae cha ajabu au mfupa unaoutilia shaka unasimama, unapiga picha, unafunika, unaenda serikali ya mtaa au makumbusho iliyo karibu.

#4 Mama Mapacha

Shikamoo kaka. Mi naogopa usalama tu, mchanga wa mtaani kwetu una sindano, chupa, na nyoka msimu huu. Wangu wana miaka minne.

#5 Fundi Chekeche

Marahaba dada, na una haki ya kuogopa. Hilo shimo lichimbe wewe kwanza, peke yako, siku moja kabla. Geuza udongo wote, upitishe kwenye chekeche, toa chupa na misumari, ndo urudishe pamoja na vitu vyako. Kwa wa miaka minne hiyo ndo njia pekee. Kina kisipite magoti ya mtoto, mchanga unaporomoka bila kukupigia hodi. Mbali na choo cha shimo, mbali na bomba na waya wa umeme uliofukiwa. Viatu vya kufunika miguu, glavu ndogo ukipata, na hakikisha chanjo za pepopunda ziko sawa, kadi ya kliniki itakuonyesha. Jioni unafukia au unafunika kwa mbao. Betri kuukuu likionekana mtoto asilishike, tulipata mawili.

#6 Tichawaawali

Hongera sana. Mimi nafundisha awali, darasa lina watoto 60 na zaidi, uwanja ni wa saruji. Nafanyaje?

#7 Fundi Chekeche

Ticha, una hazina hapo darasani na hujaiona: kapu la taka. Siku moja usilimwage. Mwisho wa siku tandika gazeti katikati, watoto wazunguke, toa kimoja kimoja kuanzia juu. Juu kuna maganda ya machungwa ya mapumziko ya mwisho, katikati vipande vya penseli na karatasi, chini kabisa mfuko wa maandazi ya asubuhi. Waulize kipi kilitupwa kwanza? Watajibu bila kufundishwa kwamba cha chini ndo cha zamani. Mwanasayansi Nicolaus Steno aliandika kanuni hiyo 1669 akizungumzia matabaka ya miamba, na mtoto wa awali anaikuta kwenye kapu la taka kwa macho yake.

Ukitaka kitu cha kubaki darasani, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu ukate juu, weka mchanga, kokoto ndogo, udongo mwekundu, majivu, mchanga tena, kila tabaka kitu kimoja kimegusa ukuta wa chupa ili kionekane kwa nje. Kisoda, simbi, punje ya hindi.

Na kama kuna bomba na kipande cha udongo hapo shuleni jaribu nyayo. Lowesha udongo laini uchanganye na majivu, watoto wawili wapite peku wakiwa sambamba, acha likauke siku mbili, funika kwa mchanga, kundi lingine lifukue kwa brashi na liseme nani alikuwa mrefu. Ndo Laetoli hiyo, ile ya Ngorongoro. Kule kuna nyayo za watangulizi wa binadamu wa miaka kama milioni 3.66, walipita kwenye majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Na nyayo za kwanza, za wanyama, zilionekana 1976 kwasababu watafiti walikuwa wanarushiana kinyesi cha tembo, Andrew Hill akakwepa akaanguka, macho yakatua kwenye alama. Za hao watangulizi wa binadamu zikafuata 1978. Stori ya kinyesi watoto hawaisahau, nakuhakikishia.

#8 mwana wa Gede

Salamu kutoka Malindi. Nimesoma yote nikaona niongeze la huku. Mji wa kale wa Gede, ambao mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba 1948 na mwaka 2024 ukaingia kwenye Urithi wa Dunia, majumba yake hayana majina ya wenyewe, hatuwajui. Yamepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Watoto wangu nikiwapeleka hucheza hivyo, wakirudi nyumbani kila chumba wanakipa jina la kitu ambacho mtu angekikuta humo baada ya miaka mia tano. Chumba cha nyanya yao wamekiita Nyumba ya Miwani.

#9 Fundi Chekeche

Asante sana ndugu yangu, hii nimeichukua. Nimewasomea wangu na shimo la tatu limeshapata jina, mtalisikia sasa hivi.

Haya. Shimo la tatu tulilichimba karibu na ukuta wa jiko la nje, nyumba aliyojenga marehemu baba, mama yangu bado tunaishi nae hapahapa. Sikufukia kitu. Sentimita tano za kwanza ni vumbi na kisoda. Za pili mkaa mwingi. Za tatu binti akasema simama, kuna duara. Tumepiga brashi, ni sarafu, senti ishirini, upande mmoja mbuni, upande wa pili Mwalimu, na mwaka unasomeka: 1966. Yaani mwaka uleule sarafu zetu wenyewe zilipoanza kutumika. Binti karuka juu, "baba tumefika 1966!" na akaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, tabaka la 1966.

Sikumkatalia. Nikasema tumalize mraba kwanza.

Dogo yuko upande wake anakwangua, akatoa sauti, sentimita kumi na kitu kutoka kwenye sarafu, usawa uleule kabisa, kuna kitu cheusi chembamba kinatokeza, laini, kimejikunja kwenye udongo. Hakukivuta. Akaniita, "baba njoo uone, kuna ngozi." Nikainama. Wakuu, ni mfuko wa rambo. Rambo nyeusi ile ya sokoni. Na mtoto anaiangalia kwa mshangao wote wa dunia kwasababu hajawahi kuishika, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku huku bara 1 Juni 2019, yeye kazaliwa baada ya hapo. Akaniuliza ni ngozi ya mnyama gani.

Mimi nimeshika maelfu ya rambo maishani mwangu, zilikuwa zinaning'inia kwenye miiba ya kila barabara nchi hii, na hapo nimepiga magoti naambiwa nimweleze mtoto kitu ambacho kwake ni cha kale kama kaure ya Kichina kwa mtu wa Gede. Nikakaa chini kwenye udongo.

Tukamwita bibi yao. Binti kamwonyesha sarafu, kamwambia hapa ni 1966. Bibi kaiangalia, akasema senti ishirini, hii nilikuwa nanunulia vitu. Alafu kaangalia rambo. "Sasa hii imeingiaje? Hiyo sitini na sita tunaenda sokoni na vikapu, nyama unafungiwa kwenye gazeti." Binti akanyamaza. Unaona kabisa kichwa kinafanya kazi. Akasema polepole, "kwa hiyo mtu alidondosha hela ya zamani siku za rambo." Bibi akasema au mfuko ulifukiwa na mtu akifagia jiko, na hela ilikuwa kwenye udongo huohuo. Wakabishana mtu na mjukuu wake hapo kwenye ukingo wa shimo hadi chai ikapoa, na mwisho binti kafuta 1966 akaandika "1966 au baadae, siku za rambo."

Hicho kitu wanafunzi wa chuo wanakosea kwenye mtihani. Sarafu haikwambii tabaka ni la mwaka gani, inakwambia tu tabaka haliwezi kufungwa kabla ya mwaka huo. Kinachoamua ni kile kipya kuliko vyote mle ndani. Kule Kilwa na Gede ndivyo wanavyofanya kwa vigae vya kaure, China wanajua mtindo gani ulitengenezwa kipindi gani, kikionekana kwenye sakafu unajua sakafu hiyo si ya kabla ya hapo.

Shimo linaitwa Nyumba ya Rambo.

#10 Mama Mapacha

Nimesoma nimetokwa na machozi kidogo hapo kwa bibi. Mama yangu nae ana mengi ya aina hiyo na hatujawahi kumwuliza. Kaka mlipomaliza mlifanyaje na hivo vitu?

#11 Fundi Chekeche

Kila kitu kiko kwenye bahasha yake, bahasha za kaki zilizotumika, juu kuna namba ya shimo, tabaka na tarehe. Ziko kwenye boksi la viatu chini ya kitanda cha binti, na daftari limo humohumo, mana boksi bila daftari tumerudi kwenye lundo la Jumamosi ya kwanza. Sarafu bibi aliomba akae nayo siku mbili alafu akairudisha kwenye bahasha mwenyewe.

Kufukia nako kuna utaratibu wake. Wanaakiolojia wakimaliza huwa wanaacha kitu cha sasa chini ya shimo, sarafu au karatasi la nailoni, ili atakayekuja kuchimba baadae ajue wenzake waliishia hapa, udongo wa juu umeshaguswa. Nikawapa sarafu ya shilingi mia mbili waiweke. Dogo akaidondosha, nikashika koleo. Binti akasema simama! Akaingia akaitoa, akaisoma, akanionyesha: 2014. "Baba watadhani tulichimba 2014."

Nikamwambia hapana, watajua ni 2014 au baadae.

"Sasa si tuwasaidie?" Akakimbia jikoni, karudi na pakiti ya maziwa tuliyokunywa asubuhi, kaisuuza, tarehe ya kutengenezwa imepigwa mhuri juu inasomeka vizuri. Akailaza chini, sarafu juu yake, akachora vyote viwili kwenye daftari, chumba cha tatu kutoka kushoto. Ndo tukafukia.

Wanaouliza chekeche PM, wavu upo, fremu ya mbao unaweza kupiga mwenyewe.